Bila Mkataba

Ofisa wa ndoa alikuwa amenisukumia kalamu niliposoma ujumbe wa mume wangu wa zamani: "Mahakama imenitangaza mufilisi. Ule mkopo wetu wa gari, benki sasa watakudai wewe peke yako. Nisamehe."

"Mnaoana na mkataba wa mali au bila?" ofisa akauliza.

"Bila!" Thuso, bwana harusi wangu, akacheka, akanigeukia. "Changu chake, chake changu. Au unaogopa nitakula sufuria zako, bibie?"

Nyuma yetu mama yake akapiga vigelegele. Shingoni alikuwa amevaa ufunguo wa nyumba aliyoiandikisha kwa jina la mwanawe mwezi uliopita, nyumba ambamo yeye mwenyewe anaishi hadi leo. Bila mkataba, deni langu lingekuwa la Thuso pia, na nyumba hiyo ingepigwa mnada.

Nikafungua mdomo. Nikaufunga, nikaizima simu.

"Mwanangu," mama mkwe akaninong'oneza, "ng'ombe wetu wa mahari wameshafika kwenu. Unangoja nini tena?"

Kalamu ikateleza kwa jasho. Nikaishika kwa mikono miwili, nikaandika jina langu, herufi za mwisho zikapinda kama nimeandikia ndani ya gari linalokimbia.

"Mwoneni," Thuso akasema, akinifuta paji la uso kwa tai yake. "Anatetemeka kwa furaha."