Nguchiro na Kinanda cha Mdomo

Tangu kipanga achukue kinda lake, Njiwa hakusema wala kula, akabaki mifupa. Jirani yake Nguchiro, hodari wa madukani, akanunua kinanda cha mdomo kinachong'aa amliwaze. Alipokipuliza, kikalia kama bawaba yenye kutu. Akamkimbilia Kobe, mpigaji aliyekwisha kuliza mji mzima.

"Babu, nipe chako, shika changu."

Wakabadilishana. Chakavu cha Kobe, mdomoni mwa Nguchiro, kikatoa mlio uleule wa bawaba. Kipya, Kobe alipokipuliza, kikamtoa Nguchiro machozi.

"Kinanda hakina mapafu, mjukuu wangu. Kajifunze kupumua."

Nguchiro akaketi chini ya kiota cha Njiwa, akapuliza siku nenda siku rudi, vibaya vilevile. Mwishowe Njiwa akachungulia.

"We jirani, utaniua! Pumzi zitoke tumboni. Haya, rudia!"

Akashuka kumsimamia, huku akidonoa mtama.