Gari la Wagonjwa

Ligi mpya ya mkoa ilikuwa ifunguliwe saa kumi. Kanuni ilikataza mechi bila gari la wagonjwa uwanjani, na mji ulikuwa na moja tu. Mwenyekiti wa ligi, Mbwilo, aliagiza liletwe.

Kabla mpira haujaanza, mwanamume mmoja aliingia akisukuma mkokoteni, mkewe amelala ndani yake, ameshikwa na uchungu wa kuzaa.

"Mzee, zahanati wanasema gari liko huku."

"Likiondoka, sichezeshi," mwamuzi akasema.

Mbwilo akatazama jukwaa la wageni.

"Mwache ahesabu wageni wake, baba Tunu," mwanamke akamwambia mumewe. "Mtoto atasubiri."

"Lichukueni," Mbwilo akajibu, macho chini.

Gari likaondoka. Mkokoteni ukabaki kando ya mpira mpya wa mechi ya ufunguzi. Mbwilo akatoa leso, akaanza kuufuta mpira vumbi, ili asilitazame jukwaa.