Kaa Aliyevaa Kombe la Kome

Sikilizeni, wala msinikatize. Kaa mmoja asiye na gamba mgongoni aliokota kombe tupu la kome, yule konokono mkubwa wa bahari, aliyekufa, akaingia ndani. Likamvimbisha kichwa. Akawaendea samaki wa mwambani.

"Kiti cha Pweza, yule nyota wa bahari mwenye miiba anayekula matumbawe yenu, huliogopa kombe hili. Niwekeni mimi niwe mlinzi. Huyu mlinzi wenu, Mzee Kome, wa nini? Tangu asubuhi hajamaliza kuvuka jiwe moja!"

"Kweli," akasema Chewa, mkubwa wao. "Mzee, tupishe."

Mzee Kome akageuza kombe lake. Akajikokota, akaenda zake.

Siku ya tatu Kiti cha Pweza akaja, akapanda matumbawe wanamolala watoto wa samaki, akaanza kula. Kila alipopita pakabaki peupe kama mfupa. Kaa akamkingia njia.

"Kombe hulioni?"

"Nyumba naiona," akajibu Kiti cha Pweza huku akimkanyaga. "Mwenyewe yuko wapi?"

Chewa akatoka mbio hadi kwa Mzee Kome, akamwomba radhi. Kome akageuka, polepole vilevile. Kabla hata hajaonekana, maji yakaleta harufu yake, harufu ya kome anayekula viti vya pweza. Kiti cha Pweza akaganda, kisha akang'oa miguu yake yote, mamia kwa mamia, akakimbia na tonge mdomoni.

Samaki wakubwa kwa wadogo wakasimama pande mbili, Mzee akapita katikati bila haraka. Kaa akatoka kwenye kombe, uchi, akalisogeza kando.

"Pita, Mzee," akasema. "Mwenyewe ndiwe."