Kipanya cha Mkono wa Kushoto

Bwana Shekue, mwenye duka la kompyuta, alimpangia Raya vipanya vitatu juu ya kaunta, vyote vikimetameta taa, vyote vimebonyea upande mmoja ili kidole gumba cha kulia kipate pa kukaa.

"Wachezaji wote wanachukua hivi, dada. Fainali yenu ya gemu ni jioni hii, chukua cha maana."

Raya hakuvigusa. Alionyesha kingine kwenye rafu ya nyuma, cheusi, kisicho na taa, pande zake mbili sawasawa.

"Nipe kile."

"Kile ni cha ofisini!"

"Lakini hakinichagulii mkono."

Akakichomeka kwenye kompyuta ya duka, akakihamishia kushoto kwa kibodi, akafungua mchezo. Maadui wakaanza kuanguka kabla mwenye duka hajamaliza kuguna.

Bwana Shekue hakuitazama skrini. Aliutazama ule mkono.

"Kumbe wewe mashoto. Kwenu hawakukukanya?"

"Walinifunga mkono huu kwa kitambaa. Kula nakula kwa kulia, salamu natoa kwa kulia. Hapa kwenye mchezo ndipo sina adabu. Nifungie hiki."

"Sisi kwetu ilikuwa kamba," alisema yule mzee polepole.

Akaviringisha waya, akakitia kipanya kwenye mfuko wa karatasi, akauinua mfuko kwa mkono wa kulia, kama alivyowapa wateja wake wote. Kisha akasita. Mfuko ukahamia mkono wa kushoto, mkono uliokuwa mgeni wa kazi hiyo, ukanyooshwa juu ya kaunta.

Raya naye akanyoosha wake wa kushoto.