Kofia ya Mwenye Nyumba

Kibao cha "Chumba kinapangishwa" kilikuwa bado kinaning'inia mlangoni, lakini Bwana Vuai, mwenye nyumba, alishasema kimepata mtu. Alisema hivyo pale pale Mize, aliyekuja kukiulizia, aliponyoosha mkono kumwamkia, naye akayaona mabaka meupe ya mbalanga kwenye mkono huo. Mkono wake mwenyewe akauficha mgongoni, kama mtoto aliyeiba sukari.

"Si mimi, bibie. Wapangaji wangu watu safi. Bomba moja, choo kimoja. Watasema nimewaletea maradhi."

"Mbalanga haiambukizi. Hata daktari atakwambia."

"Daktari haogi hapa."

Akajiweka sawa kofia yake, kofia ya kushonwa kwa mkono aliyokuwa akiringia kila Ijumaa hadi msikitini. Mize aliitazama, akaijua.

"Itazame ndani, kwa nyuma," alisema. "Pana kiua cha uzi wa buluu. Kila mshonaji ana alama yake, na hiyo ni yangu. Niliipakata miezi mitatu. Kila nilipotunga uzi, niliulowesha kwa mate."

Bwana Vuai akacheka peke yake, akaivua, akaigeuza. Kicheko kikamkauka.

Adhana ikaanza. Watu waliokuwa wakienda msikitini wakasimama kumngoja, naye ameishika kofia kwa vidole viwili, kipara kinang'aa juani.

Mize akakitungua kile kibao, akamnyooshea kwa mkono ule ule.

"Shika basi," alisema. "Si chumba kimepata mtu?"