Milimita Tisini na Tatu

Milimita tisini na tatu. Mikiko aliifuta rula kwa kitambaa, akampima tena kobe yule, akapata tisini na tatu ileile.

"Na mwenzake?" mama yake aliuliza kutoka jikoni.

"Tisini na moja. Kama Julai. Kama Juni." Akawageuza wote wawili chali, mmoja kila kiganja. Mikia yao ilikuwa mifupi, haisemi lolote. "Mama, hawa ni kobe au ni mawe?"

Bi Fusae alicheka. "Na wewe ulikuwa hivyohivyo. Mpaka darasa la sita ulikuwa kama njiti ya kiberiti."

Mikiko hakucheka. Alikuwa ametoka Hiroshima kwa treni, kisha akapanda ngazi mia moja na arobaini kutoka kituo cha Onomichi hadi mlangoni. Kwenye ngazi hizohizo mama yake, mwenye miaka themanini na tatu, alianguka mwaka jana akavunjika mkono. Huko chini, penye tambarare, kulikuwa na nyumba ya wazee yenye lifti na chumba kinachomngoja. Waliruhusu mnyama, lakini sanduku moja tu kwa kila mkazi.

Na kobe, Kuri na Mame, walikuwa wawili. Marehemu baba aliwanunua siku moja, miezi michache kabla hajafa, akawalea kama mayai. Aliwawekea taa, akawachumia majani machungu ya kando ya njia, na majira ya baridi akawalaza usingizi mrefu, wasile wala kukua, ndani ya friji kama wafanyavyo wafugaji wengine, bia zake zikahamia barazani.

Muuzaji alikuwa ameeleza waziwazi. Majike wawili wataweza kukaa sanduku moja. Madume wawili watapigana. Dume na jike, jike hatapata hata nafasi ya kupumua. Lakini kobe asipofika milimita mia na ishirini, mkia wa dume huwa haujarefuka, na kila mmoja huonekana jike. Mtu asibahatishe.

Na Bi Fusae alikuwa ameahidi: siku itakapojulikana, atahama. Wakiwa majike, atakwenda nao wote. La sivyo, mmoja atatafutiwa mlezi, yeye atahama na mwingine. Begi lake la nguo lilikuwa limefungwa tayari, limesimama mlangoni tangu Aprili.

"Tumtoe mmoja leo leo," Mikiko alisema. "Nimechoka na hii mikia."

"Umtoe yupi?"

Mikiko akawatazama kobe, mmoja baada ya mwingine.

"Haya. Ukishamtoa, ije kujulikana walikuwa majike wote wawili, baba yako nitamwambia nini?" Kila asubuhi Bi Fusae aliiwekea picha ya mumewe bakuli dogo la wali, akazungumza nayo.

"Lakini wanakula, Mama?"

"Umewahi kumwona nani akishinda njaa nyumbani kwangu?"

Mikiko alifunga taa mpya aliyokuja nayo, yenye nguvu kuliko ile ya zamani, akaingia jikoni huku akizikwepa kabichi mbili na figili ndefu zilizolala sakafuni.

"Mboga zitaoza kwa joto hili."

"Friji imejaa."

"Basi ngoja nichukue chai."

"Keti hapo! Nitakuletea mwenyewe, wewe ni mgeni." Bi Fusae alikuwa ameshasimama mbele ya friji. "Na mwezi ujao piga simu siku chache kabla, kama kawaida. Sipendi kufumaniwa na nyumba chafu."

Nyumba haikuwa na hata chembe ya vumbi.

Wiki tatu baadaye, siku ya Jumatatu, Mikiko alipiga simu kama alivyoagizwa: angekuja Jumamosi. Jumanne ikawa zamu ya nyumba ya wazee kumpigia yeye. Walikuwa wamesubiri sana. Chumba kingeshikiliwa mpaka Ijumaa jioni, basi.

Habari kama ile haikuwa ya kusemwa kwa simu. Jumatano aliomba ruhusa kazini, akapanda treni, akapanda ngazi, akisimama mara nne kujifuta jasho na mara moja kuzilaani. Kama kobe wangekuwa hawajaongezeka hata milimita moja, leo angechagua mmoja kwa kufumba macho, na baba amsamehe.

Mlango haukuwa umefungwa kwa kufuli. Bi Fusae alikuwa uani akianika nguo, akiimba kwa sauti, hakusikia kitu.

Sanduku la kobe lilikuwa kavu, tupu. Taa mpya ilikuwa imezimwa, waya wake umeviringwa vizuri na kufungwa kwa uzi. Labda wamepelekwa uani kuota jua, Mikiko aliwaza. Koo lilikuwa limemkauka. Alikwenda jikoni, akafungua friji kutafuta chai ya shayiri.

Rafu zilikuwa karibu tupu: tofu, mayai matatu, chupa ya mchuzi wa soya. Chai hakuiona. Akainama, akavuta droo ya mboga.

Ndani mlikuwa na mikebe miwili ya biskuti, vifuniko vimetobolewa matundu madogo madogo. Kati yake kililala kipimajoto cha baba, kikionyesha nyuzi tano. Juu ya mkebe mmoja palibandikwa karatasi yenye mwandiko wa mama yake, ulionyooka, usio na haraka:

"Kuwaamsha Alhamisi. Mikiko anakuja Jumamosi."