Mkono Haukupewa Barua

Jirani yangu Mbwiga alifungiwa mkono wa chuma badala ya wake, kama mafundi wote wa kiwanda cha magari, na kisheria mkono huo ni mali ya kiwanda. Basi kiwanda kikafilisika. Mbwiga akapewa barua ya kuachishwa kazi, mkono haukupewa. Kila saa moja asubuhi unaingia zamu, unakaza chochote kinachozunguka. Umekaza bomba mpaka maji hayatoki. Umekaza kifuniko cha dumu la mafuta mpaka mkewe anapika chukuchuku. Usinibishie, nimekula hapo.

"Si waukate!" alilia mkewe, Mama Siwema, ambaye vitumbua vyake vya getini kiwandani havina tena mlaji.

"Mfilisi, yule anayeuza mali za kiwanda, kasema atakayeugusa kabla haujapata mnunuzi, jela," Mbwiga akajibu.

"Na huyo mnunuzi yuko wapi, Baba Siwema?"



Jana nyumba nzima haikuwa na kitu kilicholegea. Siwema, wa miezi minane, akatambaa mpaka miguuni pa baba yake. Ikafika saa moja. Vidole vya chuma vikamshika goti, vikalizungusha taratibu, kuona kama limekaza.

"Mke wangu," Mbwiga akanong'ona, "lete kamba tuufunge mkono huu. Kimbia."